Askari mlemavu asibebeshwe peke yake mzigo wa ushahidi



Madai ya askari aliyelemazwa na vita, aghalabu, hayashindwi kwa sababu sheria imemkataa. Hushindwa kwa sababu jeraha analo mwilini, lakini ushahidi wa jeraha hilo umo katika jalada, na jalada hilo hakulitunza yeye. Lilitunzwa, au lilipotezwa, na watumishi wa umma. Ndiyo maana maneno haya yanaelekezwa kwa watumishi na walimu wa Morogoro badala ya kuelekezwa kwa askari wenyewe, ambao kwa miaka mingi wamekwisha kuambiwa wawe na subira.

Historia yenyewe inajulikana. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua, yakapora na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba mvamizi atapigwa. Jeshi la Wananchi likapanuliwa kwa haraka mno. Mgambo wakaitwa kwa maelfu, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mgambo hao hawakuokotwa njiani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umeagiza kwamba ulinzi wa nchi uwe kazi ya umma wenyewe, na vijiji vikafundishwa kushika silaha. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanajua jinsi miezi hiyo ilivyozaa miaka. Katika hali hiyo ya kukosa sabuni na sukari, ndipo mtu wa Mgambo alipolirudia jembe lake, mwingine akiwa mzima, mwingine akiwa amechechemea.

Kuna tofauti moja ambayo hata watumishi waliobobea huichanganya. Pensheni ya kawaida hupatikana kwa miaka ya utumishi. Malipo ya ulemavu hupatikana kwa kuumia kazini. Mtu wa Mgambo aliyekaa vitani miezi minane hakuwa na miaka ya kumpa pensheni. Jeraha ndilo dai lake pekee. Tena dai hilo halihusiani na huruma. Sheria za mwaka 1982 juu ya ajira na matunzo ya walemavu, na baada yake Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, zilitungwa kwa ajili ya kila raia mwenye ulemavu, na ni jambo jema. Lakini aliyepoteza mguu kwa kutii amri ya nchi yake anadai deni. Ofisa anayemwelekeza akaombe msaada wa ustawi wa jamii, ilhali dai lake la jeshi halijajibiwa, amemgeuza mdai kuwa mwombaji.

Nchi za Afrika Mashariki zilirithi kwa Waingereza namna ya kuyapima madai ya aina hii, na sheria ya pensheni ya Kenya inaionyesha kwa uwazi. Mtumishi aliyeumia hutakiwa aonyeshe kwamba aliumia katika kutekeleza kazi, kwamba hakuumia kwa kosa lake mwenyewe, na kwamba kilichomuumiza kinatokana na asili ya kazi ile. Kisha uwezo wake wa kujipatia riziki hupimwa kwa ngazi nne: ama umepungua kidogo, ama umepungua, ama umepungua sana, ama umeangamia kabisa, na kwa ngazi hizo huongezewa sehemu 5, 10, 15 au 20 katika kila sehemu 60 za mshahara wake. Yafaa kuyaangalia sana maneno hayo, uwezo wa kujipatia riziki. Kipimo hiki hakiulizi mguu una thamani gani. Kinauliza mtu huyu sasa atakula nini.

Swali hilo likiulizwa juu ya milima ya Uluguru lina jibu tofauti na lile la mjini. Karani aliyepoteza mguu chini ya goti ataketi mezani kwake na kuandika kama zamani. Mkulima wa Kinole au Tawa hulima mahali ambapo mtu mwenye miguu miwili hushika mti ili asiporomoke. Ndizi zake, karafuu na pilipili manga hushuka kwa njia za miguu, kichwani, mpaka zikutane na gari. Mwenzake wa Mgeta na Nyandira hupanda kabichi na viazi kwenye vibanda vya udongo vilivyochongwa ubavuni mwa mlima. (Ubavu huo Serikali ya kikoloni iliufahamu vizuri: amri yake ya kuchimba matuta ya ngazi ndiyo iliyoleta ghasia za Matombo mwaka 1955.) Mguu wa bandia uliotengenezwa kwa sakafu ya saruji hauna msaada mkubwa kwenye utelezi wa masika, na ukivunjika, fundi yuko mbali sana. Tangu mwaka 1981 chuo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo hivyo, lakini kutoka Nyandira hadi Moshi si safari ya mtu wa magongo.

Kwa hiyo daktari anayeandika kwamba mguu wa kulia umekatwa chini ya goti ameandika kweli, walakini ameandika nusu. Nusu ya pili yaweza kuandikwa na mtu asiye daktari. Ofisa mtendaji wa kijiji anajua mteremko wa shamba lile. Anajua mtu huyo alilima ekari ngapi kabla ya kwenda vitani na analima kiasi gani leo, na nani humbebea mazao yake na kwa ujira gani. Barua ya ukurasa mmoja yenye mambo hayo, ikapigwa muhuri na kuambatanishwa na cheti cha daktari, ni ushahidi halali wa kile kinachoulizwa.

Majeraha yasiyoonekana yana shida zaidi. Si kila aliyerudi na ulemavu alipigwa risasi. Wako waliopinduka na malori na walioharibiwa na maradhi ya kambini. Wako pia waliofyatua makombora ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, wakasimama karibu na mshindo ule siku baada ya siku. Uziwi wa namna hiyo huja polepole, na nyumbani husemwa kwamba mzee ameanza kuzeeka masikio. Mwingine hushtuka usiku akapiga kelele na kutoka mbio nje. Jamaa zake humpeleka kwa mganga, na mganga hana kadi wala daftari la wagonjwa. Mtu huyu anapofika mbele ya jopo la madaktari baada ya miaka 30 ataulizwa alitibiwa wapi. Hana la kuonyesha, na jopo haliwezi kuandika lisichokiona.

Tena kuna suala la majina, ambalo katika Uluguru limewaponza wengi kuliko risasi. Mtoto alizaliwa akapewa jina la nyumbani. Akabatizwa katika misheni ya Matombo au Mgeta, akapata jina la pili. Shuleni mwalimu aliandika jina la baba. Jeshini karani aliandika alivyosikia. Mtu mmoja ana majina matatu katika madaftari matatu, na ofisi ya malipo inaona watu watatu. Kinachohitajika ni hati ya kiapo inayoyaunganisha majina hayo, ikitajwa namba ya jeshi, maana namba haina jina la nyumbani. Daftari la ubatizo la parokia na daftari la shule ya msingi vyaweza kuithibitisha hati hiyo. Walimu wakuu wanaoyachoma madaftari ya zamani kwa ajili ya kupata nafasi kabatini hawajui wanachokichoma.

Mambo haya ni ya zamani katika nchi hii. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliingia mji wa Morogoro, nayo ya Wajerumani yakarudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru hadi Kisaki. Pande zote mbili ziliishi kwa mabega ya wapagazi. Wengi waliofia njiani hawakuandikwa jina, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya. Kuhusu askari wenyewe, kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa wazee waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck malimbikizo yao. Inasemekana wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aonyeshe jinsi ya kushika bunduki. Hakuna aliyeshindwa, na wote wakalipwa.

Kisa hicho huchekesha wasikilizaji. Jambo lake kubwa ni kwamba mlipaji yule, alipoona karatasi hakuna, alitafuta njia nyingine ya kuujua ukweli badala ya kuwarudisha wazee nyumbani. Ni kweli pia kwamba mpagazi asingeweza kuufaulu mtihani wa ufagio, kwani yeye hakufundishwa bunduki, alifundishwa mzigo. Kila njia ya kuthibitisha humwacha mtu nje, na ofisa mwema hujiuliza njia yake inamwacha nani.

Nchi nyingine zimelishughulikia suala hili kwa sheria. Uingereza, kuanzia mwaka 1943, iliugeuza mzigo wa kuthibitisha. Askari aliyedai ndani ya miaka 7 baada ya kuacha jeshi hakutakiwa kuonyesha kwamba jeraha lake lilitokana na jeshi. Serikali ndiyo iliyotakiwa kuonyesha kwamba halikutokana nalo. Kwa majeraha ya kuanzia Aprili 2005 Waingereza wenyewe wamekaza tena kamba, na mzigo ukarudi kwa askari. Wala ukarimu ule haukuwafikia wote: ilifichuliwa mwaka 2019 kwamba askari Waafrika wa Vita Kuu ya Pili walipewa kiinua mgongo kidogo mno kuliko Wazungu wa cheo hicho hicho. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1991 iliamua kwamba askari aliyetumikia Vietnam achukuliwe kuwa aliguswa na sumu ya kuulia majani iliyomwagwa kule, na magonjwa yaliyotajwa yakakubaliwa bila yeye kutafuta shahidi. Kanuni ya namna hii ingewafaa sana wapiganaji wa Kagera. Mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya kikosi kilichovuka mpaka, na ana kovu la chuma mwilini, asingepaswa kuulizwa alilipata wapi.

Mpaka kanuni hiyo itakapokuwapo, kazi iko kwa wanaojua kuandika. Mwalimu anayeombwa kuandika barua ya madai aandike namba ya jeshi, kikosi, mahali na mwezi wa kuumia, hospitali iliyompokea, na jina la mwenzake aliyekuwapo. Asitie chumvi. Lori likipinduka aandike lori, kwa maana kuumia kwa lori la jeshi safarini ni kuumia kazini, na risasi ya uongo itakapogunduliwa hata mguu wa kweli hautaaminiwa. Hati halisi zibaki nyumbani; ziende nakala zilizothibitishwa. Ofisa anayepokea barua hiyo naye aipe namba ya kumbukumbu na kuijibu kwa maandishi, hata kama jibu ni la kukataa. Maneno ya njoo wiki ijayo hayakatiwi rufaa. Nauli ya kushuka kutoka Kolero hadi mjini na kurudi, mara tatu kwa mwaka, ni fedha nyingi kwa mtu wa kijijini. Wastaafu wanaolipwa na Hazina walikuwa na kima cha chini cha shilingi 50,114 kwa mwezi hadi kilipopandishwa kuwa 100,125 mwaka 2015.

Na wajane wasisahauliwe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo mume anapofariki mara nyingi mjane yuko tayari katika shamba la ukoo wake, na wazee hawaoni haja ya kwenda mahakamani. Shamba halina ugomvi. Lakini malimbikizo ya marehemu hayatolewi kwa mila; hutolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye cheti cha kifo mkononi. Mjane asiyeambiwa jambo hilo mapema huliacha dai la mumewe lifie jaladani.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 amekwisha kupita miaka 65. Shahidi wake, yule aliyemvuta kutoka chini ya lori au aliyemfunga kitambaa mguuni, ana umri huo huo, na huenda yuko wilaya nyingine. Kiapo cha shahidi huyo chaweza kuandikwa mbele ya hakimu kwa asubuhi moja, na kazi hiyo yafaa ifanyike wakati wa kiangazi, kabla masika hayajazifunga njia za mlimani.