Jina la Bibi wa Bibi

Wahitimu wetu, wazazi, na nyinyi mliotoka Dallas na Fort Worth alfajiri mkiikimbia foleni ya I-45: hongereni, na karibuni Houston.

Ninalo daftari la babu yangu, limetoka Lamu. Ndani ya jalada ameandika nasaba kwa hati za Kiarabu: fulani bin fulani bin fulani, wanaume tisa. Mwanamke hata mmoja hamna. Utadhani walizaana wenyewe.

Tarikhi ya Kilwa ni hivyo hivyo, masultani na asili yao ya Shirazi, kule Uajemi, na wasomi wengi waliiona kuwa majivuno tu. Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao walizikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti yumo Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, jirani yetu hapa.

Kromosomu Y, ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba, nyingi zilikuwa za Asia, hasa Uajemi. Kumbe wazee hawakusema uongo. Lakini DNA za mitokondria, ambazo kila mmoja wetu hupewa na mama, naye alipewa na mamake, karibu zote zilikuwa za Kiafrika. Damu hizo zilianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000. Anayejua ndoa za Lamu, ambako nyumba ni ya binti na mume ndiye anayehamia, hatashangaa. Mgeni akaja na jina, watoto wakasema lugha ya mama, ndiyo hii ninayowahutubia kwayo.

Nyinyi wa maabara mnajua kuwa pale Fort Worth, katika kituo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha North Texas, DNA hiyo hiyo ya mitokondria hutumika kutambua maiti wasio na majina. Mama aliyepotelewa na mwanawe hupitishiwa kijiti cha pamba shavuni, kisha chembe zake hulinganishwa na mfupa.

Sasa ni saa kumi jioni. Lamu ni saa sita usiku, wamelala. Kesho mpigieni mama mumuulize bibi wa bibi yake akiitwa nani. Mimi nilimuuliza wangu. Majina mawili aliyataja mbio mbio. La tatu akanyamaza, akasema ngoja nimuulize dada. Hayo mawili nimeyaandika chini ya wale tisa, na nafasi nimeacha.