Bei Hupandia Njiani



Machi 2020, Serikali ya Rwanda iliweka kikomo cha bei za vyakula 17, ili walanguzi wasiutumie ugonjwa wa Korona kuwakamua wananchi. Mwezi uo huo mpaka ulifungwa. Wachuuzi wa Gisenyi waliozoea kuvuka Petite Barrière kwa miguu, mizigo kichwani, walilazimika kuikusanya katika malori ili ifike Goma. Gharama hiyo ya uchukuzi haikuwamo katika orodha ya bei.

Hapo pana fundisho. Bei hutangazwa wizarani, lakini hupandia njiani. Kila hongo kizuizini ni uchukuzi wa siri, na mlipaji wake wa mwisho ni mnunuzi. Askari mwadilifu hulinda mpaka. Hulinda pia chungu cha mnyonge.