Rajkumari Amrit Kaur: Waziri Aliyeacha Sheria Nyuma Yake



Nimepewa dakika chache nizungumzie wanawake na siasa. Mimi ni nesi, kwa hiyo nimemchagua mama aliyewahi kuwa mkubwa wa manesi wa nchi nzima: Rajkumari Amrit Kaur wa India.

Rajkumari maana yake binti mfalme. Alizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Kapurthala na kusomeshwa hapa hapa Uingereza. Angeweza kula raha zake. Badala yake alikuwa katibu wa Gandhi kwa miaka mingi, na Waingereza wakamtia jela. India ilipopata uhuru mwaka 1947 akawa Waziri wa Afya, mwanamke pekee katika baraza la kwanza la Nehru. Katika uchaguzi wa 1951-52 alipata ubunge kupitia jimbo la milimani la Mandi-Mahasu.

Hakuwa malaika. Aliipinga mipango ya uzazi ya kisasa, akataka wanandoa wahesabu siku tu. Kwa kazi yangu siwezi kumuunga mkono hapo.

Lakini mwaka 1956 alipeleka bungeni mswada wa kuanzisha chuo na hospitali kuu New Delhi, ile inayoitwa AIIMS. New Zealand ilisaidia fedha. Tazameni sheria yenyewe: chuo kilipewa uhuru wa kujiendesha, na ndani yake kimetajwa waziwazi chuo cha manesi chenye walimu na vifaa vya kutosha. Walimu wake hawaruhusiwi kufungua kliniki binafsi pembeni. Nyumba yake ya Shimla aliitoa iwe mahali pa mapumziko kwa wafanyakazi na manesi wa taasisi hiyo.

Uwaziri wake ulikwisha 1957. Akahamia Rajya Sabha, yaani baraza la juu la bunge, akafariki 1964. AIIMS haikufa naye, maana haikusimama juu ya hisani ya waziri. Ilisimama juu ya sheria.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa miaka mingi serikali yetu ya Tanzania imepeleka wagonjwa India, na sisi tuliosomea uuguzi tunauguza wazee wa watu huku ughaibuni. Tunalaumu umaskini. India ya 1956 nayo ilikuwa maskini, tena imetoka kugawanywa kwa damu. Wenzetu hawakusubiri watajirike kwanza.

Wanawake bungeni tunao, wa majimbo na wa viti maalumu, na nawapongeza. Ila idadi peke yake haimfungi mgonjwa kidonda. Kiongozi akija huku kutuomba michango na kupiga picha nasi, awe mama au baba, tumuulize kwa heshima: Mheshimiwa, mswada wako uko wapi? Ukiondoka, nesi wa wilayani atabaki na nini?

Naomba kuwasilisha.