MSAADA HUANZA NA KUULIZA

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, West Indies, Eldoret



Kwa idhini yenu twasimama kueleza kazi ya huruma tuliyoifanya mashambani mwaka huu. Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mtunza Hazina. Sisi twataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lake, nalo ni kosa letu wenyewe.

Mnakumbuka kwamba michango yenu ilinunua tangi la maji na mabomba kwa ajili ya kijiji kimoja cha Milima ya Cherangany. Tulilipeleka kwa lori, tukaliweka kando ya barabara, tukapigwa picha, tukarudi tumefurahi. Tulipokwenda tena baada ya miezi minne, tulikuta bomba limekatika na tangi ni kavu. Tukauliza, "Mbona hamkulitengeneza?" Mzee mmoja akajibu kwa upole, "Wanangu, mtu hagusi kitu cha wenyewe. Tulikuwa tukiwangoja wenye tangi." Kina mama wakaongeza kwamba chemchemi yao iko upande wa pili wa kilima, na kama tungaliwauliza, wangalituonyesha. Tuliona haya.

Kosa hili si letu peke yetu. Katika msitu wa Embobut wamekaa Wasengwer tangu zamani, wakifuga na kurina asali. Benki ya Dunia ilianza kugharimia mradi wa misitu huko mwaka 2007, na mwaka 2013 Wasengwer wakapeleka malalamiko kwa jopo la uchunguzi la benki hiyo. Januari 2014 walifukuzwa msituni, nyumba zao zikachomwa moto. Baadaye Umoja wa Ulaya ulitenga Euro milioni 31 za kuhifadhi vyanzo vya maji vya Mlima Elgon na Cherangany. Tarehe 16 Januari 2018 mfugaji mmoja wa Kisengwer alipigwa risasi akafa katika operesheni ya askari wa misitu. Kesho yake Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha hizo. Hatusemi kwamba waliotoa fedha ndio waliochoma nyumba, wala hatupingi kuhifadhi maji. Twasema kwamba wenyeji hawakuulizwa ipasavyo. Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja, na mwenyeji akalala nje.

Sasa na tuufuate mto Embobut wenyewe, uteremkao hadi Bonde la Kerio. Huko Wamarakwet wana mifereji iliyochimbwa na mababu zao karne nyingi zilizopita, ikishikizwa kwenye majabali kwa mawe, matawi na udongo. Hapakuwa na mfadhili. Kila mfereji una koo zake, na maji hugawanywa kwa zamu. Mafuriko yakiubomoa, wanaume huitwa kuutengeneza, na asiyefika hutozwa faini na wazee. Ni kweli kwamba kwa desturi wanawake hawakukaa katika baraza la maji, ingawa wao ndio watekao. Hapo nasi hatuna budi kutengeneza. Hata hivyo mifereji hiyo ingali ikipitisha maji, na tangi letu halikutimiza mwaka.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, fedha za chama zisitumike kijijini kabla ya kufanya baraza na wenyeji, kwa lugha yao, kina mama wakiwapo na kusikilizwa. Pili, kila kazi iwe na wenyewe wanaojulikana tangu siku ya kwanza, wachangie japo mawe na nguvu za mikono. Tatu, sehemu ya kila mchango iwekwe akiba ya matengenezo.

Twajua wengine watasema kwamba mwendo huu utatuchelewesha, na kwamba mwakani hatutakuwa na picha nyingi za kuonyesha katika kijitabu hiki. Ni kweli. Lakini wale kina mama wangali wakipanda kilima na madebe vichwani, na tangi letu liko kando ya barabara likiwatazama. Mkikubali, safari yetu ya kwanza itakuwa kurudi kwa yule mzee, kuomba radhi, na kumwuliza lihamishiwe wapi.