ARDHI YA CHAI ILIVYOPATIKANA KERICHO
Hotuba iliyotolewa Ngomeni mbele ya wafanyakazi na wazee



Sisi ni watu wa reli, na reli haikufika huku. Ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilielekea bara moja kwa moja, Kilifi na Malindi zikaachwa upande. Basi mtu ana haki ya kuuliza, watu wa reli wametafuta nini Ngomeni, na kwa nini waje kusema habari za chai mahali ambapo hauoti hata mche mmoja? Ndugu zetu, chai twainywa sote, na waliotutangulia kazini ndio walioibeba. Masanduku yalitoka Kericho kwa lori mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi yaitwa Kipkelion, yakapakiwa mabehewani hadi Kilindini, yakapanda meli kwenda kuuzwa London. Mpakizi alijua uzito wa sanduku. Habari ya shamba lilikotoka sanduku hilo hakuambiwa, na ndiyo tuliyokuja kuisema leo.

Tena njia ya kutoka kwenu mpaka huko haikuanzwa na sisi. Mwaka wa 1913 serikali ya Waingereza ilitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu ya pwani. Watu walikataa. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakapelekwa mbali kabisa, Kisii, karibu na Kericho. Leo Kisii ni nchi ya chai. Siku hizo chai haikuwako. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu, na wazee wa hapa wayajua hayo kuliko sisi. Agosti mwaka huo huo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 pamoja na vijana 1,000 wa kufanya kazi. Itazameni faini hiyo. Fedha twaielewa. Lakini watu kuhesabiwa ndani ya faini, kama mbuzi! Hapo ndipo utakapojua kwamba serikali ile ilikuwa inatafuta mikono.

Sasa twende Kericho.

Nchi ile ni ya Wakipsigis. Ni nchi ya juu, baridi, mvua hainyimi, na udongo wake ni mwekundu. Walifuga ng'ombe na kulima wimbi. Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza lilipelekwa Sotik, likaua watu wengi na kuwanyang'anya ng'ombe. Mwaka wa 1915 ikatoka sheria ya ardhi iliyosema kwamba ardhi ya Mwafrika ni mali ya Taji la Uingereza, na kwamba Mzungu aweza kuikodi kwa miaka 999. Methusela wa Biblia aliishi miaka 969, na Nabii Nuhu 950. Hata wao wangalikufa kabla mkataba haujaisha.

Vita Kuu ya kwanza ilipomalizika, maofisa wa jeshi waliolemaa vitani walipewa eka 25,000 pale Kericho, mwaka wa 1919. Hawakuja kwa ajili ya chai. Walitaka kulima kitani, mmea wa kufumia nguo, kwa kuwa bei yake ilikuwa juu. Mara bei ikaanguka, na maofisa wale wakafilisika katika muda wa miaka michache tu.

Hapa twaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Shamba limeshindwa. Aliyepewa ameondoka. Je, ardhi ilirudi kwa mwenyewe? Haikurudi. Karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, na karatasi haifilisiki. Ikauzwa kwa makampuni: Brooke Bond iliingia nchini mwaka wa 1924, na kampuni ya James Finlay ya Uskoti ikafuata mara baada yake. Mkipsigi aliyekuwa akilisha ng'ombe juu ya kilima kile akaitwa skwota, yaani mtu aliyekaa pasipo pake.

Chai yenyewe ilikuwa imejaribiwa Limuru tangu mwaka wa 1903. Si kama mkonge, unaoweza kungoja. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na baada ya siku chache kichaka hicho hicho chamngoja tena, mwaka mzima. Yakishachumwa ni lazima yafike kiwandani siku ile ile, la sivyo yaharibika. Kwa hiyo kampuni ya chai yataka watu wengi, wa kila siku, na yataka walale karibu. Ndipo zikajengwa nyumba za laini katikati ya mashamba. Sisi wa reli twazijua nyumba za namna hiyo. Nyumba ni ya mwajiri. Ukifukuzwa kazi asubuhi, jioni huna pa kulala, wewe na watoto. Mtu wa namna hiyo hupima maneno yake mbele ya mnyapara.

Na watu walipatikanaje? Kulikuwa na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, nayo ilitakiwa kwa fedha taslimu. Halafu kuanzia mwaka wa 1919 na 1920 kikaja kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kimeandikwa jina la bwana wake na mshahara wake. Ukiondoka kazini bila ruhusa, kipande chakusema. Kilidumu mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1947. Wajaluo, Waluhya na Wakisii walikwenda Kericho kwa maelfu. Hata watoto walikwenda, maana vidole vidogo huchuma upesi na hulipwa kidogo. Mwaka wa 1938 padri mmoja Mwingereza, Arkidikoni Owen wa Kavirondo, aliandika katika gazeti la kwao juu ya watoto hao, mpaka serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza. Twamtaja kwa heshima. Wengi wa wenzake walikunywa chai yao wakanyamaza.

Lakini kodi na kipande havikutosha. Mtu akiwa na shamba lake la chai hawezi kwenda kuchuma ya mwingine. Kwa hiyo alizuiwa kuipanda. Mwaka wa 1933 nchi zenye chai nyingi, India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi, zilipatana kupunguza chai duniani ili bei isianguke. Kenya nayo ikaweka sheria ya leseni, na leseni hazikufika mkononi mwa Mwafrika. Mtu alikuwa na udongo ule ule, na mvua ile ile, tena mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiotesha miche ya bwana! Ilikuwa mpaka miaka ya 1950 ndipo wakulima wadogo walipoanza kuruhusiwa, na shirika lao, KTDA, likaundwa mwaka wa 1964 baada ya Uhuru.

Na wale waliosema? Ukoo wa Talai ulikuwa ndio wa viongozi wa dini wa Wakipsigis, na serikali iliwaogopa. Mwaka wa 1934 ikatunga sheria mahsusi ya kuwahamisha. Watu wapatao 700, wazee na watoto wachanga pamoja, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto na mbung'o, wakakaa huko karibu mpaka Uhuru. Mekatilili walimtoa pwani wakampeleka magharibi. Talai wakawatoa milimani wakawapeleka ziwani. Dawa yao ilikuwa moja.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, na mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi wa mashamba vikaungana vikawa chama kimoja. Mishahara ilipanda baada ya migomo mingi. Mikataba ya ardhi haikuguswa, ikaendelea kuhesabu miaka yake mpaka Katiba ya 2010 ilipopunguza mikataba ya wageni iwe miaka 99. Mwaka wa 2019 Tume ya Ardhi ya Taifa iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Mwaka wa 2022 wakapeleka madai yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hapo katikati mashine za kuchuma zimeingia mashambani, na Mei 2023 vijana wakazichoma moto. Hatusifu kuchoma mali. Lakini mtu aliyenyang'anywa shamba akapewa kazi, kisha akanyang'anywa na kazi, mwaweza kuona alivyosimama.

Ninyi wa Ngomeni mna karatasi yenu pia. Mwaka wa 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye dai na alete dai lake kwa msajili, na isiyodaiwa ni ya Taji. Wamijikenda wengi hawakuhesabiwa kuwa na dai. Mwaka wa 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikaa Malindi kusikiliza malalamiko ya watu juu ya mashamba ya chumvi ya pande hizi, na mwaka wa 2006 ikatoa taarifa yake. Wengine wenu mlisimama mkasema. Wengine hamkuwa na cha kuonyesha ila mnazi na kaburi.

Basi tumeona hivi. Zimo majumbani mwenu stakabadhi za kodi za babu zenu, zile zilizomtoa mtu kwake kwenda kutafuta shilingi. Juu yake pameandikwa jina, mwaka, na mara nyingi mahali. Msizitupe, wala msiziache kwa mchwa. Zileteni kwa katibu wa tawi, azinakili mbele yenu, kisha awarudishieni zenu mkononi. Na mzee asiye na stakabadhi lakini ajuaye nani alizikwa wapi, na mwaka gani, kijana mmoja ameteuliwa kuandika maneno yake. Anaanza na wazee waliokaa hapa mbele.