Bei ya Samaki na Kazi ya Mfanyakazi



Leo twataka kusema habari za heringi na vibua wa bahari ya kaskazini ya Ulaya. Huko Siglufjörður, katika Iceland, wanawake waliwatia heringi chumvi mapipani, wakilipwa kwa hesabu ya mapipa. Meli zikavua kupita kiasi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 heringi wakatoweka. Pipa tupu, malipo hakuna. Baada ya miaka kama 20 heringi walirudi baharini. Lakini nyumba moja ya kutilia chumvi leo ni makumbusho.

Sasa ni zamu ya vibua. Kwa miaka mingi nchi za huko zilijigawia kupita ushauri wa wataalamu. Basi baraza lao, ICES, lilishauri kwamba mwaka 2026 wasivuliwe zaidi ya tani 174,357, yaani asilimia 70 chini ya ushauri wa 2025.

Samaki wakiadimika bei hupanda, na wenye mali husema biashara ni njema. Sisi wa reli twajua: nauli ikipanda na mabehewa yakawa matupu, kuli hana kazi. Kwa hiyo, ndugu, tukiambiwa bei imepanda, tuulize kwanza: mzigo upo?