Zabuni Haianzi Siku ya Kufungua Bahasha

(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika siku ya kukutana shuleni)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo ndilo kazi yangu ya kila siku, yaani utaratibu wa Serikali kutoa kandarasi. Najua wengi hudhani kwamba hili ni jambo la makarani na wahasibu tu. Lakini dawati mnalokalia, bati lililo juu ya vichwa vyenu na unga unaosongwa jikoni, vyote hununuliwa kwa fedha, na mtu fulani huchaguliwa kuvileta badala ya mwingine. Hapana budi tuulize: amechaguliwaje, na je, ameleta alichoahidi?

Kwanza tutazame tulikotoka. Zamani zabuni kubwa za Serikali zilipitia Bodi Kuu ya Zabuni. Sheria Na. 21 ya mwaka 2004 iliiondoa Bodi hiyo. Kila wizara, shirika na halmashauri ikapewa bodi yake ya zabuni, na ikaundwa mamlaka ya kudhibiti ununuzi, ijulikanayo kwa kifupi kama PPRA. Shabaha ilikuwa njema: anayekagua ununuzi asiwe ndiye anayeidhinisha ununuzi huo. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2011. Mwaka 2016 sheria hiyo ikarekebishwa, kwa kuwa wananchi walilalamika kwamba Serikali hununua kitu kwa bei iliyo juu ya bei ya soko. Kisha ikatungwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024.

Ndugu zangu, sheria haibadilishwi mara nyingi namna hii bila sababu. Kila mara tumeziba pengo moja, na wenye nia mbaya wamekwenda kutafuta jingine. Mimi nasema kwamba juhudi zetu nyingi tumezielekeza kwenye siku moja tu, siku ya kufungua zabuni na kuchagua mshindi. Zabuni huharibika kabla ya siku hiyo, na huharibika zaidi baada yake.

Kuhusu siku yenyewe, tusibeze yaliyofanyika. Zamani mzabuni alisafiri na bahasha yake hadi makao makuu ya wilaya au mkoa, na kama basi liliharibika njiani, basi tena. Bahasha iliweza kuchelewa kwa bahati mbaya, na iliweza pia kucheleweshwa. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS. Mzabuni wa Namtumbo anaomba akiwa Namtumbo. Saa ya mwisho ikifika, mfumo unafunga, haujui nani ni shemeji wa nani. Asiyeridhika anayo haki ya kulalamika, na akishindwa huko ipo Mamlaka ya Rufani. Haya ni maendeleo.

Lakini tazameni yanayotangulia. Tuseme halmashauri inataka madawati 500. Kabla ya tangazo lolote, lazima mtu akae aandike: dawati la urefu gani, mbao gani, chuma cha unene gani, lifike lini. Maelezo hayo ndiyo mzabuni atakayopimwa nayo. Sasa kama mwandishi ameandika kwamba mzabuni awe amewahi kutengeneza madawati 5,000 ya aina hiyo hiyo, na ayalete katika siku kumi, basi mshindi amekwisha kupatikana hata kabla ya tangazo. Fundi seremala wa mjini hapa, mwenye vijana sita na mashine mbili, ameondolewa bila mtu kumtaja jina. Kompyuta haiwezi kuliona jambo hilo. Itapokea masharti mabaya na kuyasimamia kwa uaminifu mkubwa.

Sheria yetu inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini asilimia hiyo haitamfikia kijana ikiwa masharti yameandikwa kwa kipimo cha kampuni kubwa.

Yapo pia mambo ya dharura. Dharura ni kitu cha kweli: daraja likisombwa na maji, hatuwezi kungoja miezi. Lakini haraka ndiyo nafasi ambayo uchunguzi huachwa. Mwaka 2006 mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya umeme yakapungua maji, na nchi ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati uliotakiwa. Kamati Teule ya Bunge ilichunguza na kuona kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Februari 2008 Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa, alijiuzulu, huku akikana kwamba alitenda kosa. Kumbukeni kwamba sheria ya mwaka 2004 ilikuwapo wakati huo, na mamlaka ya kudhibiti ilikuwapo. Swali rahisi, kwamba kampuni hii imewahi kujenga nini na wapi, lingeweza kujibiwa kabla ya kutia saini.

Sasa tuje kwenye yale ya baadaye, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nikubali kusimama hapa. Mkataba ukishatiwa saini, watu wengi hugeuza macho. Magazeti huandika nani ameshinda. Ni mara chache huandika kama alimaliza. Mtu anaweza kushinda kwa bei ndogo kuliko wenzake, halafu baada ya miezi mitatu akaomba nyongeza ya kazi, kisha nyongeza nyingine, mpaka bei yake ikapita ya yule aliyeshindwa. Sakafu iliyoandikwa sentimita kumi inaweza kumwagwa saba, na hati ya malipo ikaandikwa kumi. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inaweza kuletewa karatasi ya kutia saini mezani, hali mali yenyewe ingali kwenye lori. Hapo fedha hupotea bila sheria yoyote ya zabuni kuvunjwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena zuri. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kupima sakafu.

Na upande wa pili, tuseme ukweli, Serikali nayo huchelewa kulipa. Mkandarasi mdogo aliyekopa benki akamaliza kazi, akikaa mwaka mzima bila malipo, hufilisika. Mkubwa hafilisiki, anajua atacheleweshwa, kwa hiyo huongeza gharama hiyo katika bei yake tangu mwanzo. Hivyo deni letu la jana ndilo linalopandisha bei ya kesho, na kuwafukuza waaminifu wadogo tunaodai tunataka kuwasaidia.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini. Sehemu kubwa ilijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua saruji na nondo, inapatana na mafundi wa hapo hapo. Walimu wakuu na kamati zao wakajikuta ni wanunuzi. Ugumu wake ni kwamba mwalimu hakusomea ununuzi. Faida yake ni kwamba mzazi anayepita njiani anaweza kuhesabu mifuko. Nadhani faida hiyo tunaweza kuipeleka katika kandarasi zote.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, masharti ya zabuni kubwa yatolewe hadharani kwa maoni kabla ya tangazo rasmi, ili seremala aweze kusema, "Sharti hili limetufungia nje." Pili, kila nyongeza ya kazi na ya bei itangazwe wazi kama anavyotangazwa mshindi. Tatu, penye ujenzi liwekwe bango lenye jina la mkandarasi, bei ya mkataba, tarehe ya kumaliza na vipimo vikuu, kwa Kiswahili, na katika kamati ya mapokezi awemo mtu mmoja wa mahali hapo atakayekitumia kitu hicho. Nne, kazi isitangazwe kama fedha yake haijapatikana, na aliyemaliza alipwe kwa wakati.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yataongeza siku. Ni kweli. Lakini siku hizo ni chache kuliko zile tunazotumia kujenga upya darasa lililopasuka.

Ninyi wadogo zetu, katika muda si mrefu baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wahasibu, makarani wa stoo na wenye kampuni. Siku moja mtaletewa karatasi ya kutia saini kwamba mali imepokelewa. Anayeileta huenda akawa mkubwa wenu kazini, au rafiki mliyekaa naye bweni moja hapa. Mwambieni kwa heshima: "Twende kwanza nikaione." Hakuna sheria itakayosema maneno hayo kwa niaba yenu.

Nasi wa zamani tuanzie hapa. Tumechanga fedha za kukarabati maktaba. Naomba bango la kwanza liwekwe kwenye maktaba hiyo, na hesabu yake isomwe hapa hapa tutakapokutana tena.